Wakili wa Malkia Kutu

Kila Jumamosi mchana fundi simu alifunga nusu ya mlango wa duka lake, akasogeza pembeni simu zilizopasuliwa matumbo, na watu wanne wazima, wenye kazi zao na akili zao timamu, wakakaa kugombania tamthilia ya angani. Msicheke. Wapo wanaogombania mpira.

Kikundi kilikuwa na sheria moja, nayo haikuwa na huruma: anayemtukana adui wa tamthilia kuliko wenzake wote, wiki inayofuata ndiye wakili wake. Safari hii zamu ilimwangukia fundi cherehani, mama mwenye mdomo usio na breki. Alikuwa amemponda Malkia Kutu mpaka mate yakamkauka. Malkia huyo aliwalaza usingizi watu wa sayari nzima, akawapakia kwenye vyombo vyake kama magunia, akawahamisha bila ridhaa yao, eti jua lao linazimika. Mwizi wa watu, ndivyo fundi cherehani alivyomwita.

Wenzake hawakujua hasira hizo zilitoka wapi. Dada yake mkubwa alikuja siku moja na gari, akamchukua mama yao akaenda kuishi naye mji wa mbali. Fundi alikuwa ametoka kununua vifungo. Aliporudi alikuta kitanda kimetandikwa na chumba kitupu. Tangu hapo hakupokea simu ya dada hata moja, na kwa hiyo hata sauti ya mama alikuwa hajaisikia. Ilimuuma vibaya, lakini kisirani kilimshinda nguvu. Namba ya dada alikuwa ameibadilisha jina, akaiandika Malkia Kutu.

Basi akasimama kutetea. Alianza kwa mzaha, akimsifia Malkia kwa mavazi, kwamba mishono yake tu ingemtoa jela. Wakacheka. Mwalimu wa hesabu, mbishi kweli kweli, akamuuliza kwa nini Malkia hakungoja watu wakubali.

"Aliwaambia," fundi akajibu. "Aliwaambia tena na tena. Wao wakasema mbona jua bado lina joto."

Hayo maneno aliyajua. Dada alipolalamika kwamba mama anasahau jiko linawaka, kwamba amekutwa barabarani hajui njia ya nyumbani, yeye alijibu mbona bado anapika vizuri tu. Jamani, mtu anakwenda kujifurahisha Jumamosi, anakutana na mambo yake mwenyewe.

Nesi, ambaye kwa kawaida alikuja kusikiliza tu, akauliza polepole, "Vipindi vyote vile, kuna mtu aliyewahi kumuuliza yule Malkia kama analala?"

Walikuwa wamemchambua Malkia silaha zake, taji lake, mpaka kucha zake, lakini hilo halikuwa limempitia mtu kichwani.

Hapo ndipo simu ya fundi cherehani ikaanza kutetemeka mezani. Fundi simu akachungulia, akasoma kwa sauti kwamba Malkia Kutu anapiga. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi cherehani hakucheka. Aliitazama ikiita, kisha akaipokea.

Dada, aliyezoea kutojibiwa, alishtuka, halafu akaanza kujitetea haraka haraka: mama anakula, daktari amemwona, asidhani anamtesa.

"Dada," fundi akamkatiza. "Na wewe, unalala?"

Yule dada ambaye hata msibani hakuwahi kuonekana akilia, akavuta pumzi iliyokatika katikati.

"Silali, mdogo wangu. Usiku kucha anaamka, anakutafuta wewe."

Dukani kicheko kilikuwa kimekwisha. Mwalimu alitazama sakafu. Fundi cherehani alijifuta macho kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, maana ndio uliokuwa karibu.

"Nakuja kesho," alisema. "Nitakesha naye mimi. Wewe ulale."