Mipini Upande wa Kulia

Mzee Wanyoike hakuwa na mke. Walimzika miaka sita iliyopita. Hakuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa na ndugu wa kiume mjini Eldoret wa kuketi naye upande mmoja wa meza siku ya kupokea wakwe, kwa maana kaka zake walirudi Nyandarua baada ya vurugu za uchaguzi na kuapa kwamba hawatakanyaga tena Uasin Gishu. Lile duka la spea la Turbo hakuwa nalo tena. Subira hakuwa nayo, wala hakuwahi kuitafuta. Na asubuhi ya Jumamosi ile hakuwa na usingizi.

Alichokuwa nacho ni nyumba Elgon View, binti mmoja, na panga za Kijapani.

Zilikuwa panga tatu ndefu na sime mbili, zote ndani ya ala zake, zimelazwa kwenye kichanja cha mbao nyeusi ukutani sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuziona. Ya kwanza aliinunua Nagoya, alipokwenda kutafuta injini za mitumba. Mzee aliyemuuzia alikuwa na duka jembamba kama ujia, na alimfundisha kwa ishara na kwa Kiingereza cha kuokoteza jinsi panga zinavyowekwa. Makali yatazame juu. Chuma kisiguswe kwa kidole kitupu. Zisikae nne pamoja, kwa sababu nne ni namba ya mauti. Na mpini uelekee kushoto kwa anayetazama. Hiyo ndiyo amani. Ukielekea kulia, mkono wa kulia unaudaka mara moja, na yeyote ajuaye akiingia atafahamu kwamba mwenye nyumba yuko tayari kupigana.

Asubuhi ile, dada yake Virginia akiwa bado hajawasha jiko, Wanyoike aliigeuza mipini yote ikaelekea kulia.

Wageni wa kuja kumposa binti yake, Waiyego, walikuwa wanatoka Moiben. Walikuwa Wakalenjin, naye Wanyoike Mkikuyu. Duka la Turbo lilichomwa mwaka ule wa vurugu, na kwa kuwa Wanyoike hakujua ni mkono wa nani uliowasha kiberiti, aliwalaumu wote. Lawama isiyo na jina haina mpaka. Kumkataa Kiprono, mchumba wa Waiyego, hakuweza. Kijana alikuwa daktari wa mifugo, mtaratibu, na Waiyego alikuwa amemwambia baba yake waziwazi kwamba atakwenda kwake kwa baraka au bila baraka. Kwa hiyo Wanyoike alikubali. Alitaka tu kulisema la moyoni mara moja, kwa lugha ambayo hakuna mgeni angeielewa. Yeye atatabasamu na kumimina chai, na ukuta utamsemea.

Alirudi nyuma hatua chache, akautazama ukuta, akajisikia mkubwa.

Mchana gari la wageni likasimama getini. Wanyoike alisogeza pazia kidogo. Kwao alifundishwa kwamba watu hawahesabiwi kama mbuzi, lakini jicho halina adabu, lilihesabu lenyewe. Walikuwa saba.

Moyo ukamshuka. Saba, namba ya kiapo na laana! Mama yake hakuwahi kupika mayai saba wala kuwatuma watoto saba kisimani. Kuposwa binti na watu saba? Alitoka mbio za kizee hadi kwa Murunga, mlinzi wake, ili awe wa nane.

"Wewe, ingia ndani pamoja nao."

"Mimi, Mzee? Na geti?"

"Geti halina miguu. Ingia, ukae."

"Na rungu?"

"Ingia na chochote, lakini uingie!"

Ndivyo Murunga alivyoingia sebuleni na sare yake ya buluu, buti zake na rungu lake, akaketi kwenye kona chini ya zile panga, uso umemkauka kwa woga wa kochi.

Mzee Kipkirui, baba yake Kiprono, alikuwa mrefu na mkavu, na kofia yake aliishika mkononi pamoja na fimbo. Aliwaamkia wote. Macho yake yakaenda ukutani, yakashuka kwa Murunga, yakarudi ukutani.

"Mzee Wanyoike," akasema taratibu, "sisi tumekuja na maziwa. Huyu askari ni wa nini?"

"Ni mtu wa nyumbani."

"Mtu wa nyumbani na rungu?"

Wanyoike alitaka kueleza habari ya saba, lakini kiburi kikamzuia. Mtu aliyejisomesha darasa la jioni mpaka akapata cheti, atawaambia wageni kwamba anaogopa namba? "Kwangu mtu hukaa atakavyo," akajibu.

Mmoja wa vijana waliokuja na Kipkirui akanong'ona jambo, mwenzake akatazama mlango.

"Sawa," Kipkirui akasema. "Hata hivyo hatuwezi kuongea tukiwa soko. Kwetu wanaoketi kwa maneno kama haya ni wanne. Baraka ni nne. Wengine watangoja nje, na askari wako awasindikize."

"Nne hapana," Wanyoike akasema kabla hajafikiri.

"Nne hapana?"

"Kwa nyumba hii, hapana. Chini ya hizi, hapana." Akaonyesha ukuta kwa kidevu. Hakuwa Mjapani, lakini kitu ukikaa nacho miaka mingi hukufundisha hofu zake.

"Watoto wetu tunawabariki mara nne," Kipkirui akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupata kutu. "Mvua tunaiomba mara nne. Sasa umeniitia kwako uniambie namba yangu ni mbaya?"

Kiprono alikuwa ametazama sakafu, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Hapo mama yake, Mama Jebet, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, akajitupa kwenye kochi mpaka likalia.

"Ninyi wazee, mtatuua na hesabu! Angalieni. Tutaketi mimi, Baba Kiprono, Kiprono na mjomba wake. Kwa mzee wangu hao ni wanne. Lakini Mzee Wanyoike, niangalie vizuri. Hata kondakta hunilipisha viti viwili. Kwa hesabu yako, si sisi ni watano?"

Murunga ndiye aliyeanza kucheka, kisha akashtuka kwamba amecheka. Kiprono akafuata. Mwishowe hata Kipkirui akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono kuficha meno. Vijana watatu wakatoka na Murunga, naye akawaonyesha kivuli kizuri karibu na tangi la maji. Wanne wakaketi, au watano, na Wanyoike akashusha pumzi.

Mazungumzo yakaanza kwa mvua na mahindi, kama inavyopasa. Lakini Kipkirui hakuweza kuyaondoa macho yake ukutani.

"Baba yangu alikuwa na mkuki," akasema. "Mgeni akija, aliuchomeka nje, ncha chini. Hizi zako, Mzee, zimelala au zimeamka?"

Wanyoike akaketi wima. Je, mzee huyu anajua? Hapana. Angejulia wapi?

"Zimelala," akasema. "Ni mapambo tu. Kama picha."

"Basi ni vizuri. Nilitaka kusikia kwa mdomo wako."

Wakati huo huo Waiyego akaingia na sinia la chai. Alikuwa amevaa gauni la kijani, na Virginia alimfuata nyuma na mandazi. Waiyego aliinama kuwaamkia wakwe zake, akainua kichwa, na macho yake yakapita ukutani. Yakarudi. Vikombe vikagongana kwenye sinia.

Wanyoike alimwona akisoma, akakumbuka jambo ambalo kiburi chake kilikuwa kimelisahau asubuhi yote. Kulikuwa na mtu mmoja Eldoret nzima aliyeijua lugha ile. Alimfundisha yeye mwenyewe, akimpakata, akimwekea kitambaa laini mkononi: hivi, mama, makali juu, mpini kushoto.

"Baba," Waiyego akasema, "ni nani amegeuza panga?"

"Wape wageni chai."

"Ni Tata Virginia? Ni Murunga?"

"Waiyego, mimina chai."

"Ni wewe."

Aliliweka sinia sakafuni, si mezani. Akaenda kwenye kichanja, akaushika upanga mrefu wa juu kwa mikono miwili, akauinua.

Kiti kikaanguka. Mjomba alikuwa amesimama. Mama Jebet akapiga ukelele mfupi, ule ambao watu wa mji huu walidhani wameshausahau, na fimbo ya Kipkirui ikawa hewani. Vijana wa nje wakaingia mbio, Murunga katikati yao na rungu lake, wala hakuna aliyejua anamlinda nani dhidi ya nani. Kiprono alikuwa amejiweka mbele ya baba yake, mikono wazi, akimtazama mchumba wake kama mtu asiyemjua.

"Weka chini!" Wanyoike akapiga kelele. "Waiyego! Weka chini!"

Waiyego hakuuchomoa. Aliushika ukiwa umelala ndani ya ala yake, kama mtu aliyepakata mtoto.

"Mzee Kipkirui," akasema, "mpini ukiwa kushoto, nyumba ina amani. Ukiwa kulia, mwenye nyumba anakuambia yuko tayari kukukata. Jana usiku ilikuwa kushoto. Nimezipangusa tangu nikiwa darasa la tatu. Sitaki mle chakula chetu bila kujua."

Akaugeuza upanga, akaurudisha kichanjani. Akachukua wa pili.

Kipkirui akateremsha fimbo yake polepole. "Ni kweli?"

Wanyoike angeweza kukana. Angeweza kusema mtoto anaota. Lakini binti yake alikuwa amempa mgongo, akigeuza sime ya kwanza, na mabega yake yalikuwa yakingoja jibu kuliko mtu mwingine yeyote humo ndani.

"Duka langu la Turbo lilichomwa," akasema.

"Nililichoma mimi?"

"Sijui."

"Mwanangu? Alikuwa darasa la saba."

"Sijui nani. Sikuona mtu."

"Hujui," Kipkirui akasema. "Na mimi nimekuuliza zimelala au zimeamka, ukaniangalia machoni ukasema zimelala." Alivaa kofia yake, akaiweka sawa. "Mwaka ule mimi pia nilizika mtu, Mzee. Sikuja nikiwa nimembeba mgongoni. Nilimwacha nyumbani, kwa sababu leo ilikuwa siku ya watoto."

Walipokuwa wakitoka, Wanyoike alimfuata Kipkirui mpaka barazani. Kipkirui akageuka akiwa kwenye ngazi.

"Mtu akinitukana kwa lugha nisiyoijua, anifasirie mwenyewe. Si binti yake. Na usinipigie simu. Simu mtu husema na kusahau; andika. Mpaka hapo, mwanangu hatakanyaga hapa, na masikio yangu hayasikii habari ya harusi."

Mama Jebet ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia garini. Alitikisa tu kichwa.

Ndani, Waiyego alikuwa amemaliza. Mipini yote ilielekea kushoto. Virginia alikuwa akiokota mandazi sakafuni huku akilia bila sauti.

"Umenifedhehesha," Wanyoike akasema, kwa kuwa kiburi hufa mwisho.

"Ulitaka niingie kwao nikiwa nimebeba vita yako, Baba? Wasiijue, niijue mimi peke yangu, mpaka nizeeke nayo?"

Jioni Waiyego alifunga begi, akaenda kukaa kwa rafiki yake Rosebella, huko Langas. Alimwachia Virginia neno moja ampe baba yake: akitaka kuwa na binti, anajua lililobaki.

Wanyoike alijaribu kulikwepa. Jumapili alipiga simu Moiben, ikaita hadi ikakata. Alimtuma Virginia kwa Waiyego na kuku, na Virginia akarudi na yule kuku akiwa hai chini ya kwapa. "Amesema kuku hajui Kiswahili," Virginia akamwambia. "Na mimi usinitume tena. Kalamu unayo."

Jumatatu akaketi mezani kumwandikia Kipkirui. Waraka alioandika kwanza ulijaa ufasaha, na ulilaumu mwaka, serikali, na moshi, akaurarua. Wa pili ulisema kwamba ilikuwa mzaha wa mzee. Akaurarua pia, na huo ulimuuma zaidi, kwa maana ulikuwa umeandikwa vizuri. Wa tatu ulikuwa mfupi.

"Mzee Kipkirui. Niliigeuza mipini mimi mwenyewe, kwa makusudi, nikijua maana yake. Maana yake ni kwamba nilikuwa tayari kukudhuru ukiwa mgeni wangu. Ulipouliza, nilidanganya. Sijui aliyechoma duka langu, na nimewachukia watu wengi ili nisimkose mmoja. Ulinijia na maziwa, nami sikustahili. Ninaomba radhi kwako, kwa Mama Jebet na kwa Kiprono. Ukinikubalia, nitakuja Moiben kulisema hili mbele ya watu wako, nikiwa nimesimama. Usipokubali, tafadhali usiwazuie watoto. Wanyoike."

Aliusoma mara moja tu. Aliogopa akiusoma tena atauremba. Akaukunja, akautia kwenye bahasha, akaandika sanduku la posta la Moiben kwa herufi kubwa. Kinywa kilikuwa kimekauka, ikabidi anywe maji kwanza ndipo alambe gundi. Akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika.

Posta alipanga foleni nyuma ya mwanamke mwenye vifurushi. Zamu yake ilipofika, karani akanyoosha mkono. Wanyoike aliishikilia bahasha kidogo, akaiachia. Karani akabandika stempu, akagonga muhuri, na barua ikaingia kwenye gunia la magari ya alasiri.