Achilia Muguu

Mimi si mutu wa kuogopa gari, hilo lijulikane kwanza. Miaka ishirini na sita nalala chini ya magari ya Kasongo, mafuta yananidondokea machoni, wanaume wanasimama juu yangu wananifundisha kazi wasiyoijua, na bado niko. Jina langu ni Marcelline, lakini ukiuliza Marcelline sokoni watakuonyesha muuza samaki. Uliza Mama Fundi. Hata mwenye pikipiki aliyefika mujini jana atakuleta hadi kwenye mulango wa garaji yangu.

Kwa hiyo nikisema kwamba kifungo kilijizungusha chenyewe, usinicheke.

Nyuma ya garaji yangu iko jipe moja nyeusi iliyokufa. Ilikuwa ya patroni Bisimwa, munuzi wa dhahabu wa Salamabila, na shofa wake, aliyeiendesha, alikuwa Djafari. Mvua mbili zilizopita, yaani miaka miwili, kwenye ule muteremuko mwekundu wa njia ya Kabambare, pale unaposhuka hadi daraja la magogo, jipe iliteremuka bila kushikwa, ikakosa daraja, ikaingia mutoni. Djafari alikuwa ndani peke yake. Watu waliivuta kwa kamba siku mbili, wakaileta kwangu, na Bisimwa akasema kwa mudomo wake kwamba shofa alikuwa amelewa. Halafu akahamia Bukavu. Aliniambia nikate vipande ninavyotaka.

Djafari alikuwa mutu wa musikiti. Hakunywa. Lakini patroni akishasema, nani wa kumubishia? Kabla ya arobaini, Kasongo nzima ilikuwa inajua kwamba Djafari alijiua na pombe. Mukewe, Mwanvua, alipika masufuria matatu siku ya arobaini, na watu waliokuja hawakumaliza hata moja. Mimi nilienda. Nilikula, nikanawa mikono, nikarudi kwangu kimya.

Nilikaa kimya kwa sababu kuna jambo nililijua. Wiki moja kabla ya ajali Djafari aliniletea ile jipe. Magari hayo ya wakubwa yana kifungo cha kuzungusha karibu na vitesi, ule mukono wa gia, kama cha redio za zamani, na kina picha: barabara, tope, muchanga, mawe, na ya mwisho ni gari linaloshuka mulima. Ukikiweka kwenye picha hiyo unatoa muguu kila mahali, si kwenye freni, si kwenye mafuta, na gari linajishika lenyewe, gurudumu moja moja, tak-tak-tak, mpaka chini. Sasa kwenye jipe ya Bisimwa taa ya manjano ilikuwa inawaka kwenye tablo mbele ya shofa, maana yake mutambo ule umegoma. Nilitafuta siku nzima, sikuona kitu. Na mimi, na kichwa changu hiki kigumu, sikutaka kusema mbele ya shofa kwamba Mama Fundi ameshindwa. Nilifungua tablo, nikang'oa kile kitaa na kisu, nikafunga. Nikasema imepona.

Msinitazame hivyo. Nusu ya magari ya hapa yanatembea kwa ujanja huo. Patroni anataka taa izimike, haulizi imezimikaje.

Djafari alipokuwa anaondoka aliniuliza neno moja na mimi nikamujibu neno moja. Hilo nitalisema mwisho, kwa sababu hata ndani ya kichwa changu nililiweka mwisho kabisa, chini ya vitu vyote. Nilijiambia kwamba hakukigusa kifungo. Nilijiambia pengine alikunywa kweli, nani anajua ya mwenzake. Mvua mbili nilijiambia hivyo, kila asubuhi nikipita kando ya ile jipe kwenda kuoga.

Mwezi wa tatu akaja Grégoire, mwenye maduka kule Kabambare. Alikuwa amejinunulia jipe nyeupe, ndugu kabisa wa ile nyeusi, viti vya ngozi, harufu ya dukani. Lakini ilikuwa imetengenezwa kwa watu wa lami. Mahali pa kifungo kulikuwa na kiraka cha plastiki tu. Njiani ilikwama mara nne, wanakijiji karibu waibebe, na kwenye ule muteremuko nusura imutupe mutoni. Akanionyesha kile kiraka, akanionyesha ile jipe nyeusi nyuma ya garaji, akasema nitoe pale nitie hapa.

Nilikataa. Nilimwambia vitu vya marehemu havichezewi. Akasema haina neno, ataenda nayo Bukavu, kule wako mafundi kweli. Bukavu! Mutu anakuja kwenye garaji yangu kunisifia Bukavu. Nikanyoosha mukono, nikamwambia alete ufunguo.

Ile nyeupe niliifungua bila shida. Kumbe nyaya zote zilikuwa ndani tayari, zimekunjwa vizuri chini ya sakafu, hata prizi zake zinangoja. Watu wa kiwanda wanatia waya kwa wote, halafu kifungo wanamupa mwenye kuongeza pesa. Roho mbaya hiyo. Nilitukana peke yangu kidogo, nikachukua funguo zangu za kazi, nikaenda kwa ile nyeusi.

Majani yalikuwa yameingia hadi kwenye viti. Nilipangusa matope makavu pale karibu na vitesi ili nione misumari, na kifungo kikaonekana. Kilikuwa kwenye picha ya mwisho. Kwenye muteremuko.

Nilikaa palepale, kwenye kiti cha Djafari. Mulevi anayeporomoka hatafuti kapicha kadogo. Aliyekiweka pale alisimama juu, akatulia, akakizungusha kwa vidole vyake, akafanya kila kitu jinsi inavyotakiwa. Nikatoka, nikaanza kufuata waya mumoja mumoja kama wazimu. Nyuma ya gurudumu la kushoto, mahali ambapo siku ile niliona uvivu kulala kwa sababu kulikuwa na tope, waya ulikuwa umetafunwa na panya. Urefu wa kidole. Kuuunga ni dakika kumi na kipande cha utepe. Nililia, ndiyo. Nililia kwa hasira, na hasira ilikuwa ya kwangu mwenyewe.

Kazi niliimaliza. Kifungo nikakitia kwenye ile nyeupe, na lile sanduku lake la akili chini ya kiti. Aganze, mutoto wa Bukavu anayejua mambo ya kompyuta, alinitumia kamashine ka kuchomeka chini ya volani, ule usukani, na kwa simu, reso ya mutandao ikikatika na kurudi, akaiamrisha gari ikubali kifungo kipya. Ikakubali. Hakuna taa iliyowaka. Sanduku lilikuwa zima siku zote.

Nilikiacha kifungo kwenye picha ya kwanza, ya barabara, nikatoa batri, nikafunga milango, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kitenge changu. Asubuhi kilikuwa kwenye muteremuko. Nikasema nimesahau, uzee huo. Nikakirudisha. Asubuhi ya pili, muteremuko. Nikachukua utepe, nikakibandika kwenye barabara, vipande viwili kwa musalaba. Asubuhi ya tatu utepe ulikuwa mahali pake, haukukatika, haukukunjika, na chini yake kifungo kilikuwa kwenye muteremuko.

Siku hiyo, saa sita ya muchana, batri ikiwa juu ya meza mbele ya macho yangu, nilisikia chini ya sakafu ya jipe nyeupe: tak-tak-tak. Polepole. Kama inashuka mahali. Nilitoka nje nikasimama juani.

Kwetu kitu cha marehemu hakiendi kwa mutu mwingine mpaka mujane aseme neno lake. Nilikuwa nimeruka hilo, nikijidanganya kwamba gari lilikuwa la Bisimwa. Nikaenda sokoni. Mwanvua anauza mafuta ya mawese, upande wa mwisho kabisa, kwa sababu wenzake walimusogeza huko kidogo kidogo tangu maneno yale ya pombe. Nikamwambia nimetoa kifungo kwenye gari la mumewe, nimekitia kwa mutu mwingine, naomba ruhusa ingawa nimechelewa. Akasema nimechukua, basi nichukue. Halafu akashika chupa aliyokuwa anaijaza, akaiweka chini.

"Mama Fundi, weye umefungua gari lake lote," alisema. "Ulikuta chupa?"

Miaka miwili alikuwa ananingoja mimi nimuambie hilo. Ninapita mbele yake kila siku ya soko na hakuwahi kuthubutu kuuliza.

"Hapana, mudogo wangu. Hakukuwa chupa."

Akanitazama, anangoja niongeze. Sikuongeza. Nilinunua mafuta nisiyoyahitaji nikaondoka, na kama kuna siku nimejichukia maishani ni ile.

Kesho yake Grégoire akataka kujaribu gari kabla ya kurudi kwake, na alitaka nikae pembeni yake. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulifika juu ya muteremuko, udongo mwekundu unang'aa, chini kabisa yale magogo na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Akasimamisha. Akazungusha kifungo hadi picha ya mwisho. Halafu akanigeukia.

"Mama Fundi, naachilia muguu?"

Nisameheni, hapa nipumue kidogo.

Maneno yale yale. Siku ile kwenye uwanja wa garaji, injini inanguruma, kikombe changu cha chai bado mukononi mwake, Djafari alitoa kichwa dirishani akiniuliza kwa kucheka: sasa Mama Fundi, nikifika kwenye ule muteremuko, naachilia muguu? Na mimi, ambaye dakika kumi zilizopita nilikuwa nimeng'oa taa kwa kisu, nilijibu bila hata kusimama vizuri. Nilimwambia achilia.

Grégoire akauliza mara ya pili. Nilimwambia asiniamini mimi, aweke muguu juu ya freni bila kuigusa, aachilie kidogo kidogo, na akiona vibaya akanyage. Akanishangaa, lakini akafanya. Jipe ikainama mbele. Tak-tak-tak. Ilishuka kama mutu mwenye ndoo ya maji kichwani, haina haraka, haitelezi, gurudumu moja linashika lingine linaachia, mpaka kwenye magogo. Ilisimama pale kabisa ambapo ile nyingine ilipita bila kusimama.

Grégoire alipiga volani kwa furaha, anasema Bukavu wangefanya nini zaidi. Mimi nilisikia mutu kwenye kiti cha nyuma anashusha pumzi. Pumzi ndefu, ya aliyefika. Grégoire hakusikia kitu. Sikugeuka. Nilimwomba anirudishe Kasongo, moja kwa moja sokoni, na uso wangu ulikuwa namna ambayo hakubisha.

Nilimwambia Mwanvua yote, nimesimama, nguo zangu za mafuta. Taa. Kisu. Panya. Kifungo. Lile neno la mwisho. Hakulia, hakunipiga, na ningependa anipige. Alimalizia kumupimia mafuta mama aliyekuwa mbele yangu, akafunika ndoo. Akaniambia Ijumaa, baada ya swala, nije kwake, na nivae vizuri.

Ijumaa niliukuta uwanja wake mzima umejaa. Sijui aliwaambiaje. Mashehe kwenye mikeka, wenye maduka, mashofa wa malori, wale wanawake waliomusogeza sokoni, wateja wangu wote. Masufuria matatu motoni, yale yale. Hakuna aliyekuwa amekula bado. Mwanvua akanishika mukono, akanisimamisha katikati, na nikajua kwamba nikifungua mudomo hapa hakuna gari litakaloingia tena garaji yangu. Jina la Mama Fundi litakuwa limekwisha. Nikafungua.

Nilisema Djafari hakuwa mulevi. Nilisema mimi nilizima taa na sikutengeneza gari. Sauti yangu, ambayo siku zote inasikika hadi barabarani, ilitoka kidogo kidogo.

"Aliniuliza kama anaweza kuachilia muguu," nilisema. "Nilimwambia achilia."

Ndipo Mwanvua, bila kuniachia mukono, akasema:

"Rudilia. Wa nyuma hawakusikia."

Nikarudilia.