Pipa la Mama Docus

Kazi ya Célestin ilikuwa kupaka rangi matangi ya kiwanda kimoja cha juisi mjini Kasese, rangi ngumu inayozuia kutu isiguse chakula. Alikuwa akiingia tangini peke yake, amevaa kinyago, na kwa saa nyingi hakusikia sauti ya mtu isipokuwa pumzi yake. Wenzake walikula mbali naye kwa sababu ya harufu. Hakuwalaumu. Mkewe Kahambu alikuwa amefia Beni, ng'ambo ya mpaka, kabla hawajavuka, na kwenye chumba alichopanga Bwera, alikorudi siku za mapumziko, hakuna aliyewahi kubisha hodi.

Transfoma ya umeme ya kiwanda ilipoungua, wafanyakazi walirudishwa makwao mpaka itengenezwe. Ndipo akamkuta jirani yake, Mama Docus, mjane kutoka Karambi aliyeuza juisi uani kwake, akimwaga juisi ya pasheni kwenye mtaro. Wateja walikuwa wamelalamika kwamba ina ladha ya chuma.

Célestin akainama, akapitisha kidole ndani ya pipa lake la chuma. Ukali wa pasheni ulikuwa umekula chuma, na vishimo vilikuwa vimeshika uchafu usiotoka kwa kusuguliwa.

"Mama, niko na ile rangi ya matangi ilibaki kazini," akasema. "Nitakupakia. Lakini usitie kitu mupaka ikauke muzuri."

"Sasa siku hizo zote nitafanya nini?"

"Utakaa."

Akakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, akaosha, akaanika, akapaka mara ya kwanza na ya pili. Kisha wakasubiri. Kila asubuhi alikwenda kukagua, ingawa hakukuwa na cha kukagua, na Mama Docus alimwekea kiti. Alimsimulia habari za mashamba ya Karambi na za marehemu mumewe aliyeimba vibaya kanisani. Célestin naye alijikuta akimtaja Kahambu kwa jina, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu avuke mpaka. Mama Docus hakumpa pole. Aliuliza tu Kahambu alikuwa akipika nini, naye akaeleza mpaka chai ikapoa.

Rangi ilipokuwa ngumu, laini kama sahani, walijaza pipa maji, wakayaacha siku nzima, wakayamwaga. Maji hayakuwa na harufu. Kiwanda nacho kikafunguliwa, Célestin akarudi Kasese.

Jumamosi alirudi Bwera, akakuta watu wamejaa uani na madumu. Kiti chake kilikuwa kimekaliwa na mteja. Mama Docus alimpa kikombe juu ya mabega ya watu.

"Baba, kazi ni mingi leo. Utakuja siku nyingine?"

"Nitakuja," akasema.

Akanywa amesimama. Juisi ilikuwa tamu, haina chuma hata kidogo, na alimwambia hivyo, lakini Mama Docus alikuwa ameshageuka kumhudumia mwingine. Akaweka kikombe ukingoni mwa dirisha, akaenda chumbani kwake.

Wiki iliyofuata msimamizi aliuliza nani angebaki Kasese kupaka tangi jipya siku ya mapumziko. Célestin akainua mkono.