Nusu ya Pili ya Jibu

Kila Jumanne asubuhi, kabla wagonjwa hawajafika, mhojaji alifuta meza kwa kitambaa chenye maji, akapanga viti viwili kwa upande, si uso kwa uso, na kuweka boksi la tishu pale mkono wa mgonjwa unapofika. Kisha aliwasha feni. Bawa lake moja lilikuwa limepinda, kwa hiyo ilizunguka ikichechemea, lakini ilizunguka.

Kliniki ilikuwa inajaribu dawa mpya ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni inayokaa na mtu hata pasipo na msiba. Wagonjwa wengine walipewa dawa yenyewe, wengine vidonge vya unga mtupu vilivyofanana nayo kama pacha, na hakuna aliyejua nani anameza nini: si mgonjwa, si mhojaji, si hata daktari mkuu. Kazi ya mhojaji ilikuwa kuuliza maswali yaleyale kwa sauti ileile na kuandika jibu la kwanza. Hakuruhusiwa kusubiri mgonjwa aongeze neno, maana kusubiri ni kumchokonoa. Hakuruhusiwa kusema pole, maana pole nayo ni dawa, na iliyokuwa inajaribiwa ni ile ya kwenye chupa tu.

Maswali hayo yalitungwa na watu wenye akili nyingi. Walisahau jambo moja: kwamba wao wenyewe wakiulizwa habari hujibu nzuri. Hata aliyeunguliwa na nyumba jana atasema nzuri kwanza, ndiyo adabu, halafu atavuta pumzi, ndipo aseme ila nyumba imeungua. Habari yenyewe iko baada ya ile pumzi, na mtoto wa chekechea analijua hilo. Watunga maswali nao walilijua, ila walilijua wakiwa nyumbani. Kazini walikuwa wamevaa makoti meupe.

"Habari ya usingizi wiki hii?" mhojaji alimuuliza mshonaji wa nguo za kike.

"Nzuri."

"Na hamu ya kula?"

"Ipo, namshukuru Mungu."

"Watoto je, unafurahi kuwa nao?"

"Hawajambo."

Baada ya kila jibu mshonaji alivuta pumzi ndogo, na kila pumzi ilikanyagwa na swali lililofuata. Alikuwa mama wa watoto wawili, akiishi nao kwa dada yake mkubwa. Kwa muda mrefu cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka. Alikuwa akishona gauni, akifika kwenye kutia mikono, anaiweka sindano chini, na gauni linabaki hivyo. Dada yake ndiye aliyesikia habari za dawa mpya, akamleta.

Nusu ya pili ya majibu yake haikuwa na pa kwenda. Ikabaki chumbani.

Mhojaji aliisikia mchana akimenya chungwa. Kiti cha mgonjwa kilikuwa kitupu, na hapo kitini sauti ya mshonaji ilikuwa ikisema taratibu: "Ila naamka giza bado nene, natazama dari mpaka kunakucha. Chakula nakula, ila ni kama natafuna kitambaa. Watoto hawajambo, ila nikiwaangalia naona mtu mwingine angewalea vizuri zaidi, na mimi nikaenda zangu." Mhojaji aliinuka, akavuta pazia ili jua lisiipige sauti ile usoni, akamalizia chungwa lake nje. Aliona si vizuri kutafuna mbele yake.

Wiki zikapita na chumba kikajaa. Sauti ya dereva wa lori aliyestaafu ilibaki karibu na dirisha, ya mwalimu wa hesabu ikabaki juu ya kabati. Hawakugombania nafasi. Walisema kwa zamu, chinichini, kama watu wazima wanavyoongea chumba cha pili wakati mtoto anapitiwa na usingizi, na feni ikachechemea juu yao mchana kutwa. Fundi umeme aliyeitwa kunyoosha lile bawa alipanda ngazi, akasikiliza kidogo huku bisibisi iko mdomoni, akasema, "Mna watu wengi humu." Kisha akashuka akaenda kwenye kazi nyingine.

Mhojaji angeweza kuyazoea yote isipokuwa lile neno la kwenda zake. Lilimwingia moyoni likamnyima raha. Akamwendea daktari mkuu, ambaye wafanyakazi, akiwa hayupo, walimwita Bwana Wastani, kwa kuwa hakuwahi kumtazama mgonjwa mmoja bila kumjumlisha na wenzake na kuwagawanya.

Bwana Wastani alikuja, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Machozi yalimtoka akachukua tishu ya wagonjwa.

"Ni kweli tupu," alisema.

"Basi tuandike, daktari."

"Tuandike wapi? Mgonjwa mwenyewe hayupo, na mahojiano yamekwisha. Hii ni kweli, dada yangu, lakini si jibu."

"Na akijidhuru je?"

"Si umuulize? Swali hilo lipo."

"Nimemuuliza. Kasema hana neno."

"Haya, sasa mimi nifanyeje?"

Ukutani, juu ya kichwa chake, palikuwa na bango la kliniki lenye maandishi makubwa: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Aliliegemea kidogo wakati akiinuka, akaagiza mapazia mazito zaidi.

Jumanne iliyofuata mhojaji alivunja sheria. Mshonaji alipojibu nzuri, hakuuliza swali la pili. Alinyamaza akasubiri. Mshonaji alivuta pumzi, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Maneno yaliyokuwa yatoke yalikuwa pale pale karibu na bega lake, yakisemwa, na yeye mwenyewe hakuyasikia. Alitabasamu kwa adabu akafunga mdomo.

Mwisho wa utafiti alitangazwa kuwa amepona. Kwenye mchoro wa Bwana Wastani mstari wake wa huzuni uliteremka vizuri kabisa. Vidonge vikasimamishwa, miadi ikafutwa, wauguzi wakampigia makofi getini naye akawashukuru mmoja mmoja.

Haukupita muda dada yake akaja na mkoba mkubwa wa zipu.

"Nimefuata maneno ya mdogo wangu," alimwambia Bwana Wastani. "Nyumbani anasema nzuri, halafu basi. Zamani alisema nzuri, halafu maneno mpaka usiku. Nilikuwa nachoka nayo, Mungu anisamehe. Sasa anatazama ukuta na mimi sijui pa kumshikia."

"Mama, ndugu yako amepona."

"Amepona nini? Watoto ndio wanaomkumbusha kuoga."

"Kwa matokeo tuliyonayo, amepona. Na kilichobaki chumbani ni mali ya utafiti. Ripoti ikitoka kitateketezwa kwa utaratibu."

"Basi mrudishieni hata hiyo dawa."

"Dawa ya nini, na mtu mzima wa afya?"

Dada alifunga zipu ya mkoba mtupu. Alipokuwa anapita kwenye korido, mhojaji alifungua mlango wa chumba akauacha wazi, akasema kwa sauti kwamba humo ndani kuna joto. Dada akasimama. Akaitambua sauti, akajishikilia kwenye fremu ya mlango, akakaa chini sakafuni.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Pole sana. Nipo."

Sauti ya mshonaji ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea kutoka pale ilipoishia. Tangu siku hiyo dada alikuja kila Jumanne na hakuna aliyemuuliza. Mfagiaji alimwekea kiti mlangoni, na wagonjwa wapya walimsalimia wakipita.

Jioni moja alirudi nyumbani akamkuta mdogo wake kibarazani, gauni lisilo na mikono likiwa mapajani.

"Huwa unakwenda wapi Jumanne?" mshonaji aliuliza.

"Kliniki. Kukusikiliza."

Mshonaji hakushangaa. Alikata uzi kwa meno. "Kwani nasemaje?"

Dada alivua viatu akakaa naye, akamweleza yote: giza na dari, chakula na kitambaa, watoto, na lile neno la kwenda zake. Hilo la mwisho lilimshinda katikati, ikabidi aanze upya. Mshonaji alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono mmoja ukilainisha gauni, na machozi ya dada yake yalipozidi alimfuta kwa upindo.

"Masikini," alisema. "Mtu huyo anaumwa sana, dada. Mbona hawampi dawa?"