Kinyozi Alivyovuka Uwanja

Mtu ambaye kichwa chake kimo mikononi mwa kinyozi hapingi hoja za kinyozi. Ndiyo maana, tangu habari za maghorofa zifike mtaani, Kinyozi aliamini kwamba watu wote wanakubaliana naye. Alikuwa akikamata kichwa, anakiinamisha, anapitisha wembe nyuma ya sikio, na huku anauliza: "Hivi wewe, kwa akili yako, mtu anaweza kujenga ghorofa saba juu ya tope?" Nani angethubutu kusema anaweza? Hata dereva wa lori la kokoto, ambaye ujenzi ule ungemlisha yeye na watoto wake, alijibu, "Haiwezekani kabisa, mzee," kisha akangoja wembe uondoke shingoni ndipo apumue.

Duka lake lilikuwa mwisho wa barabara, mkabala na uwanja wa shule. Ukivuka uwanja unakuta tuta la udongo, na ukipanda tuta unakiona kinamasi chote: matete, mafunjo, maji meusi yaliyotulia, na ndege. Mvua za mji mzima huishia humo. Kuna mitaa ambako mvua ikichachamaa watu hupandisha magodoro juu ya meza. Hapa magodoro hulala chini kwa raha zao, kwa sababu kinamasi kinakunywa na hakijawahi kusema kimeshiba.

Mpango wa ofisi ya mji ulikuwa kufukia nusu yake na kusimamisha majengo yaliyobanana kama njiti ndani ya kasha la kiberiti. Penye wengi pana mengi. Muuza mboga, aliyelima michicha yake kandokando ya maji, alisema atalala mbele ya tingatinga. Wapangaji wa vyumba vya nyuma, waliochoka kupanga foleni ya choo na watu wasiowajua, walisema tingatinga lije hata kesho, na wao watalisukuma likikwama. Fundi viatu, rafiki wa Kinyozi, ndiye aliyejifanya jemadari wa kinamasi. Kichwa chake kilikuwa hakina unywele hata mmoja, lakini kila siku alikuja kukaa kwenye kiti cha kunyolea, kwa ajili ya maneno tu.

"Sisi nyumbani kwangu tuko kitu kimoja," Kinyozi alikuwa akimwambia. "Mimi na mama tuhesabu wawili."

Hapo ndipo alipokosea, maana hakuwahi kumuuliza mama mwenyewe, yaani mkewe.

Mkewe alikuwa mshonaji kabla macho hayajamwacha. Yalimwacha polepole, kwanza tundu la sindano, kisha uzi, mwishowe nyuso za watu. Tangu wakati huo walikuwa na desturi yao. Kila jioni Kinyozi alifunga duka, akajipangusa nywele za watu shingoni, akamshika mkewe mkono, wakavuka uwanja hadi juu ya tuta. Wakikaa, mkewe husema, "Haya, niambie." Naye humwambia. Yangeyange wametua kwenye mafunjo, weupe kama shuka zilizoanikwa. Mdiria amepiga mbizi, ametoka na kisamaki. Na yule korongo mwenye mguu mbovu, mpenzi wao, leo amekuja tena, anachechemea majini kama mzee anayetafuta ndala zake.

Siku nyingine ndege hawakuwapo, naye aliwaleta. Kuna ubaya gani? Mwanamke amekaa gizani mchana kutwa, unamnyima korongo kwa sababu tu korongo hayupo? Kwa hiyo kinamasi cha mkewe kilikuwa kizuri kidogo kuliko kile chenyewe, na Kinyozi alijivunia hilo kimoyomoyo. Alikuwa mzee sasa, mkono umeanza kutetemeka, vijana wanakwenda kwenye mashine za umeme huko mbele. Lakini jioni, juu ya tuta, alikuwa macho ya mtu. Kikifukiwa kinamasi, atamwambia nini mkewe? Kwamba kuna ukuta, na baada ya ukuta kuna ukuta mwingine? Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi, ingawa dukani alizungumzia mafuriko.

Jioni ya kuamkia mkutano wa mtaa wa kuupigia kura mpango huo, walikuwa mezani. Kinyozi alimwekea mkewe kijiko mkononi, akasema, "Kesho tutoke mapema, tupate nafasi nzuri upande wetu."

"Upande wetu upi?"

"Wa kinamasi, mama. Mwenyekiti amesema hatutapiga kura za karatasi. Wanaotaka nyumba watasimama upande wa barabara, wasiotaka upande wa tuta, kisha watu wahesabiwe."

Mkewe akakiweka kijiko chini. "Basi wewe utakuwa huko, na mimi upande wa barabara."

Kinyozi alicheka, akidhani ni utani. Alipoona anacheka peke yake, akanyamaza.

"Binti yetu ameandikisha jina apate nyumba hizo," mkewe alisema. "Wenye wazazi mtaani ndio watakaofikiriwa kwanza. Wewe unajua anavyoishi. Chumba kimoja, yeye, mumewe na mtoto, huko mwisho wa mji. Akitoka kazini na kufika kwake jua limeshazama. Kufika huku hawezi."

"Si anapiga simu? Si anatuma picha za mtoto?"

"Wewe ukitumiwa picha unamwona. Mimi nikipewa ile picha napapasa kioo baridi." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nina mjukuu anayetembea sasa, na mimi sijui kichwa chake kina umbo gani. Nakipenda kinamasi chako, mume wangu. Lakini damu nzito kuliko maji."

Kinyozi alikusanya vyombo, akaviosha kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika, akatoka uani kumpigia fundi viatu simu, kisha wakalala kila mmoja ameelekea ukuta wake. Asubuhi alimtafutia viatu, akamfunga kitambaa kichwani kama kawaida yake, maana hasira ni hasira na mke ni mke.

Uwanja ulikuwa umejaa. Kipaza sauti kilikuwa kikipiga mluzi, ofisa wa mipango amesimama juu ya meza ya darasani na ramani yake, watoto wanakimbizana katikati ya miguu ya wakubwa. Watu walisema yao. Muuza mboga alilia. Mama mmoja mpangaji, mtoto mgongoni, aliuliza kama ndege wana haki ya kulala pazuri kuliko mwanawe, na hakuna aliyemcheka. Fundi viatu alisema maji hayasahau njia, yakikuta nyumba yataingia bila hodi, akapigiwa makofi pande zote mbili. Kila aliyesema alikuwa na haki yake, na hilo ndilo baya la mkutano ule.

Kisha mwenyekiti wa mtaa akatangaza watu wajipange.

Kinyozi akamshika mkewe mkono. Watu walikuwa wakisukumana, na miguu yake ikashika njia ya kila jioni. Hakuiamuru. Lakini alipokuwa katikati ya uwanja aligutuka, akajua inakokwenda, na hakuisimamisha. Mkewe alikuwa akimfuata hatua kwa hatua, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyotembea siku zote akiwa naye, bila kupapasa mbele. Hakuwa akitembea hivyo na mtu mwingine yeyote duniani.

"Tumefika?" mkewe akauliza.

"Tumefika."

Fundi viatu aliwaona, akatabasamu hadi kipara kikang'aa. "Karibu, shemeji!" alisema kwa sauti. Kisha akamnong'oneza Kinyozi sikioni, "Si uliniambia jana usiku, kwenye simu, kwamba amegeuka? Umefanya vizuri. Mwache hapohapo. Hapa kinahesabiwa kichwa, moyo hauulizwi."

Muuza mboga alikuwa kushoto kwao, macho bado mekundu. Mkewe Kinyozi akanyoosha mkono, akaupata mkono wake.

"Nani huyu? Muuza mboga? Kumbe na wewe uko huku! Una mtoto unayemngojea?"

Muuza mboga alimtazama Kinyozi. Kinyozi aliangalia chini.

"Ndiyo, mama," muuza mboga alisema mwishowe, kwa taabu.

"Mungu akuletee. Mimi wangu akija, kitu cha kwanza nitamshika mjukuu kichwa, taratibu, kuanzia utosini. Mzee wangu atakuwa wa kwanza kumnyoa. Nimeshamwambia akae mbali na masikio." Akacheka. "Hapendi maghorofa, unajua. Lakini amenileta."

Mmoja wa waliokuwa karibu alijifanya kufunga kamba za kiatu. Fundi viatu mwenyewe aligeukia matete, kana kwamba kuna mtu amemwita huko.

Njia ya mwongo fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote: upana wa uwanja wa shule. Kinyozi aliusikia mkono wa mkewe ndani ya mkono wake, mkavu, mwepesi, haumkamati kwa nguvu, kwa sababu mtu hakamati kwa nguvu kitu asichoogopa kukipoteza. Aibu ikampanda toka miguuni.

"Mama," alisema, "tumekosea upande. Nimekosea mimi. Twende."

"Haya, twende," mkewe alisema.

Wakauvuka uwanja. Ulikuwa mtupu sasa, pande mbili zimeshajipanga, na macho yote yakawa yao. Kutoka nyuma fundi viatu aliita jina lake la utani mara moja, kwa uchungu, na hakuita tena. Mtu fulani wa upande wa barabara alishangilia, mwenzake akampiga kiwiko akanyamaza. Kinyozi alitembea pole, kwa mwendo wa mkewe, akimwonya penye shimo na penye jiwe. Dereva wa lori akawapisha.

"Hapa ndipo," Kinyozi alisema. "Barabara iko nyuma yako. Nakuacha, narudi kwetu."

"Rudi, baba. Nitakuwa salama."

Lakini kipaza sauti kikanguruma: "Kuanzia sasa hakuna kuhama! Atakayehama hahesabiwi!" Makarani wakaanza kupita na kuhesabu, watu wakasongamana ili waonekane, na wimbi la mabega likamsukuma mkewe pembeni. Kinyozi akamwona anapapasa hewa kwa mkono ule uliokuwa mkononi mwake sasa hivi. Hakufikiri. Alirudi, akaukamata.

"Bado uko hapa?" mkewe akashtuka. "Watakuhesabu huku!"

"Wanihesabu. Nikuache na nani?"

Karani akamgusa bega, akaenda zake.

Waliotaka nyumba walishinda. Hawakushinda kwa kura mbili wala tatu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema Kinyozi ndiye aliyekiua kinamasi, ingawa fundi viatu alisema hivyohivyo. Alimpita mlangoni pa duka bila kusalimu, na kiti cha kunyolea kikakaa kitupu alasiri nzima.

Jioni walikwenda kwenye tuta, kwa sababu mguu uliozoea hauulizi matokeo. Wakakaa. Mkewe hakusema "Haya, niambie." Kinyozi akajikaza.

"Mama. Leo asubuhi, uwanjani. Kuna jambo nataka kukwambia."

"Tope linanuka, mume wangu."

"Unasemaje?"

"Nasema tope linanuka. Macho yamekufa, pua haijafa. Na nyasi za huku zinalowesha kiatu, na magari nilikuwa nayasikia mbali, ng'ambo ya uwanja. Nimevuka uwanja huu na wewe kila jioni, halafu nisijue uliponisimamisha?"

Kinyozi akamgeukia. "Ulijua. Mbona hukusema?"

"Ningesema ungenipeleka, najua. Nilitaka unipeleke bila kuambiwa." Akatafuta mkono wake, akaupata. "Nilianza kuogopa, lakini. Nilipoongea na yule muuza mboga nilikuwa naogopa kweli, nikasema ovyo tu. Nilijiambia, leo nikibaki hapa, kesho nitaanza kutembea na fimbo."

Mzee wa watu akalia. Alilia waziwazi, pua na machozi, kama hajawahi kumtania mtu kwa kuogopa wembe. Mkewe akamwacha alie hadi akamaliza, kisha akampa kile kitambaa cha kichwani ajifute.

"Na yule korongo," alisema.

"Korongo yupi?"

"Mwenye mguu mbovu. Unaniletea tangu binti yetu hajaolewa. Angekuwa mzee kuliko wewe sasa."

Kinyozi akacheka katikati ya machozi, kwa haya.

"Nilimpenda," mkewe alisema. "Lakini kuanzia leo niambie walioko tu. Hata kama ni wachache. Hata wakianza kufukia, uniambie wamefukia hadi wapi. Haya, niambie."

Kinyozi akakitazama kinamasi kwa muda mrefu. "Leo hakuna yangeyange," alisema. "Matete yamekauka upande wa kushoto. Kuna mifuko ya plastiki imenasa kwenye mafunjo, mingi. Wapimaji wamesimika vigingi majini, wamevipaka rangi nyekundu, vinakwenda hadi kule kati." Kisha akasema polepole, "Na juu ya kigingi kimoja, cha mwisho, ametua mdiria."

Mkewe akageuza uso kuelekea majini. "Kweli?"

"Kweli."

Hakuuliza mara ya pili. Aliegemea bega la mumewe, akakaa kumngoja mdiria apige mbizi.