Mashuka ya Wodi ya Upasuaji

Wiki ile baba hakukaa kitako. Akirudi kazini saa tisa alasiri alivua viatu, akavaa ndala, akatoka uani, akarudi sebuleni, akavaa viatu tena kana kwamba ameitwa. Mama alikuwa fundi cherehani na kazi yake aliifanyia hapo hapo sebuleni, karibu na dirisha, kwa hiyo kila baba alipopita kivuli chake kiliangukia sindano naye ikabidi asimame kushona. Alingoja apite, kisha akakanyaga cherehani tena.

Binti yao alikuwa kidato cha tatu. Nyumbani walimwita Kiguu, kwa sababu tangu alipoanza kutembea alikuwa kiguu na njia, hatulii mahali. Hata kusoma alisoma amesimama, kitabu kikiwa juu ya kabati la vyombo, mguu mmoja ukicheza. Siku hiyo kilichokuwa juu ya kabati hakikuwa kitabu, bali karatasi ya jaribio la baiolojia. Swali lilikuwa: eleza kinachotokea kwa vimeng'enya katika joto kali. Yeye alijibu, "Joto kali huua vimeng'enya." Mwalimu alikata jibu lote kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Haviuawi. Si viumbe hai."

Jambo hilo lilimkera kuliko alama yenyewe. Alikwenda kumuuliza mwalimu, mwanamke kijana aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza pale shuleni, kwamba kama havifi, basi vinafanywaje. Mwalimu alimwambia vinapoteza umbo lake, na vikipoteza umbo haviwezi tena kushika kile vinachopaswa kukivunja, kama chakula tumboni. Alimchorea kwenye daftari kitu kama tonge lenye shimo, na kitu kingine kinachoingia shimoni. Kiguu alikariri maneno hayo njia nzima, na alipofika nyumbani aliyajua yote kwa moyo, ila hakuona kitu. Tonge, shimo, umbo. Alikuwa kama mtu aliyepewa jina la mgeni asiyemjua sura.

Jumamosi baba alisahau chakula chake cha mchana. Mama alimtuma Kiguu, naye aliondoka kabla mfuniko haujakazwa vizuri.

Baba alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia cha hospitali. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma kabisa, kupita jiko: mashine tatu kubwa za kufulia, tangi la maji ya moto linalotoa mvuke kwenye maungio, meza ndefu ya kukunjia, na pasi kubwa iliyosimamiwa na mama mmoja mtu mzima ambaye wote walimwita Mama Pasi. Pamoja na baba walikuwa watu watano. Kiguu alipoingia aliwakuta wamesimama kuzunguka rundo la mashuka yaliyokwisha kufuliwa, kupigwa pasi na kupelekwa wodi ya upasuaji, kisha yakarudishwa. Katikati ya kila shuka palikuwa na doa la rangi ya kutu.

Hapo ndipo alipopata habari nzima, kwa sababu nyumbani baba hakuwa ameisema. Mwezi uliopita hospitali ilibadilisha sabuni. Ile ya zamani ilikuwa kali, ikichubua mikono, lakini ilikuwa ikitoa damu. Hii mpya ilikuwa laini, na tangu ilipokuja madoa hayatoki. Mashuka yalikuwa yamerudishwa mara tatu. Matroni alikuja mwenyewe, akasema kwa upole kabisa kwamba yakirudi mara nyingine, kuanzia mwezi ujao nguo zote za hospitali zitafuliwa nje.

Mama Pasi alikuwa mtu wa mzaha hata kwenye msiba. Alimtazama baba akichota sabuni ya unga kopo baada ya kopo na kuimimina kwenye mashine, akasema kama wataendelea kumwaga unga namna hiyo, na unga wao wenyewe utamwagika. Hakuna aliyecheka. Baba alifungua bomba la tangi, maji yakaingia mashine yakitoa mvuke.

Kiguu hakuwa na pa kusimama, kwa hiyo alizunguka. Alizunguka mpaka kwenye magunia ya sabuni na, kwa kukosa la kufanya, akasoma maandishi ubavuni. Yalikuwa madogo. Sabuni hii ina vimeng'enya vya kuvunja madoa ya damu na chakula. Tumia maji ya vuguvugu, yasizidi nyuzi arobaini.

Alisoma mara mbili. Halafu alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "Baba, maji ni ya moto mno. Unaviharibu."

Wote waligeuka. Baba alimuuliza anaharibu nini, naye akaanza kueleza, akachanganya tonge na shimo na umbo, mpaka yeye mwenyewe akasikia kwamba haelewi anachosema. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimjibu mbele ya watu.

"Hii ni hospitali, mwanangu. Humu mna usaha, mna damu za watu, mna magonjwa. Nikifua kwa vuguvugu, vijidudu nitawatoa vipi? Nitawapungia mkono waondoke?"

Mmoja wa wafuaji aliguna. Baba aliongeza kwamba maandishi ya kwenye gunia ni ya watu wa majumbani wanaofua fulana. Kiguu aliweka chakula mezani akatoka, masikio yanawaka. Alitembea kwa haraka mpaka akapita njia ya kwao bila kujua.

Jumatatu alimngoja mwalimu mlangoni mwa maabara kabla kengele haijalia. Alimweleza yote, hata aibu. Mwalimu alimwambia arudi wakati wa mapumziko. Aliporudi alikuta yai, bakuli, na maji yakichemka juu ya kichomeo.

Mwalimu alipasua yai, akatenga ute kwenye bakuli. Akamwambia atie kidole. Ulikuwa mlegevu, unavutika. Kisha alichukua kijiko cha ute ule, akautia kwenye maji yanayochemka, na papo hapo ukawa mweupe, ukakunjamana, ukawa mgumu.

"Haya," alisema mwalimu, "urudishe ulivyokuwa."

Kiguu aliutazama. Aliuopoa, akautia maji baridi, akaubonyeza. Ulibaki mweupe.

"Umekufa?" mwalimu aliuliza.

"Haukuwa hai."

"Ila?"

"Ila haurudi." Kisha mguu wake uliokuwa ukicheza ukatulia. "Ni kitu kile kile, lakini kimejikunja vibaya. Na vimeng'enya ni hivi hivi?"

Mwalimu alimwambia vimeng'enya vingi ni protini, kama ute huu. Joto likizidi vinajikunja ovyo, lile shimo linapotea, na damu inapita mbele yake bila kushikwa. Kiguu alifikiri kidogo, akasema damu nayo si ina protini. Mwalimu akakubali. Basi, alisema Kiguu, kwenye mashine ya baba vinapikwa vyote viwili kwa pamoja: kile cha kuvunja, na doa lenyewe. Doa linaiva juu ya kitambaa.

Mwalimu alicheka kwa furaha, halafu akaacha, kwa sababu Kiguu alikuwa ameuliza kuhusu vijidudu. Hapo mwalimu alikiri bila kuzunguka kwamba baba naye ana haki. Nguo za wagonjwa zinahitaji joto kali. Kiguu alitoka maabara na majibu mawili yanayogombana kichwani, na siku nzima hakusikia somo lingine lolote.

Alipotoka shule alipita buchani, akaomba damu kidogo kwenye chupa. Mwenye bucha alimtazama vibaya lakini akampa. Nyumbani mama alimkatia vitambaa vitatu kutoka shuka lililochakaa. Kiguu alivitia damu, akaviacha juani vikauke, kisha akapanga mabeseni matatu uani: moja la maji baridi, moja la vuguvugu, moja la maji yaliyotoka kuchemka. Sabuni ilikuwa ile ile. Alikuwa ameichota kiganja kimoja Jumamosi, bila ruhusa, ikabaki mfukoni.

Baada ya dakika kumi aliinua vitambaa. Kile cha maji ya moto kilikuwa kimekuwa cha kahawia. Vile viwili vilikuwa vyekundu, havina tofauti. Akavirudisha majini. Baada ya dakika tano akaviinua tena. Akaongeza sabuni. Akavisugua, akakumbuka kwamba hapaswi kusugua, akavirudisha. Kama vuguvugu nalo halifai, basi alimwaibisha baba bure.

Mama alikuwa akimwona kupitia dirishani. Alimwita, akamwambia kazi nyingine hufanyika ukiwa hupo, aende akatembee. Kiguu alisema hataki. Mama alimwambia hakuwa amemuuliza kama anataka. Basi akazunguka mtaa. Alipita duka la vyuma, kinyozi, uwanja wa shule ya msingi, akarudi, mama akamnyooshea kidole njiani, akazunguka tena.

Mzunguko wa tatu alimkuta baba uani, amevaa ndala. Siku hiyo alikuwa amechelewa kutoka kazini. Sasa alikuwa amechuchumaa mbele ya mabeseni, bado na shati la kazi. Kiguu alisimama mbali. Baba alitoa kitambaa cha maji ya moto, akakitazama, akakilaza kwenye sakafu. Doa lilikuwa lile lile la mashuka ya wodi. Alitoa cha maji baridi: doa lilikuwa limefifia, lakini lipo. Alitoa cha vuguvugu, akakikamua, akakigeuza huku na huku, akakiinua kwenye mwanga. Palikuwa na kivuli tu, cha kuhisi zaidi kuliko kuona.

"Kimekaa muda gani?" aliuliza bila kugeuka.

"Kama saa moja na nusu. Nilikuwa nakiinua inua."

Baba alinyanyuka, akachukua birika lililokuwa bado na maji, akalirudisha jikoni mpaka likachemka, akaja akayamwaga yote juu ya kile kitambaa safi. Kiguu alishtuka, akadhani amekasirika. Lakini baba alikuwa anatazama. Mvuke ulipopungua alikitoa kwa kijiti. Kivuli kilikuwa kile kile, hakikugeuka kahawia.

"Kwanza vuguvugu, viache vifanye kazi yao," alisema polepole, kama mtu anayehesabu. "Vikishamaliza, ndipo moto. Wakati huo viharibike tu, si havina kazi tena? Na vijidudu nao wanapata chao."

Kiguu hakuwa amefikiria hilo. Alikuwa ameshika jibu lake na jibu la baba siku nzima bila kuona kwamba linaweza kutangulia moja, likafuata jingine. Alitaka kusema neno, lakini baba alikuwa ameshavaa viatu anaelekea mlangoni, kazini alikotoka sasa hivi.

Haikuwa rahisi kama beseni. Tangi halikuwa na kipimo, na zamu nzima ya kwanza walichanganya maji kwa kukisia, mashuka yakatoka na madoa nusu nusu. Mwalimu aliwaazima kipimajoto cha maabara. Baba alikining'iniza kwa uzi ndani ya mashine, akakisoma akiwa amepinda mgongo, na wafuaji walilalamika kwamba sasa mzigo mmoja unakula muda wa miwili. Mashuka yaliyokwisha kupikwa hayakuokoka. Arobaini na mawili yalikatwa kuwa matambara. Baba aliyakata mwenyewe. Usiku ule nyumbani alimwambia mama kwamba amefua miaka kumi na tisa na hakuna siku aliyomwuliza mtu swali juu ya sabuni. Mama hakumpoza. Alimsogezea kiti tu.

Alhamisi matroni alikuja. Alifunua mashuka manane kutoka katikati ya rundo, si ya juu, akayapeleka dirishani moja moja. La saba alilishika muda mrefu, na baba akawa anavua na kuvaa kofia. Mwisho matroni aliyaweka chini, akasema, "Haya. Endeleeni," akaondoka. Habari ya kufulia nje haikutajwa tena.

Jumamosi iliyofuata baba alimwita Kiguu awaeleze wenzake. Alisimama mbele ya watu wazima wanne akawapasulia yai, akawaonyesha ute ukijikunja. Safari hii maneno hayakumtoroka. Walipomaliza kutikisa vichwa, Mama Pasi, ambaye siku hiyo hakuwa ametania hata mara moja, aliuliza hivyo vimeng'enya viko kwenye sabuni peke yake. Kiguu alimwambia la, hata mwilini vimo, kwa maelfu.

"Mjukuu wangu mwezi jana alipata homa," alisema Mama Pasi. "Ilifika arobaini na moja. Sasa hajambo, anacheza. Lakini vile vya ndani yake, vilipikika?"

Kiguu aliweka chini bakuli la ute.

"Sijui, Mama Pasi. Nitauliza."

"Uliza," alisema Mama Pasi. Hakurudi kwenye pasi yake. Alibaki anamtazama.

Jumatatu ilikuwa mbali mno. Kiguu alipita jiko, akavuka lango la hospitali, akavuka barabara, mpaka nyumba za walimu nyuma ya shule, akabisha hodi bila kupumzika kati ya hodi na hodi. Mwalimu alifungua akiwa na kijiko mkononi, na kabla hajasema karibu, alikuwa ameshaulizwa.