Zamu ya Zogoyogo

Mama alipofungasha nguo zake na kuliweka begi mlangoni, nilikasirika hata salamu ikanishinda. Kaka yangu angekuja Jumamosi kumchukua. Miaka minne namtunza mimi, tangu macho yake yaanze kufifia, halafu leo anahama!

"Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea, mwanangu. Ila humu naishi peke yangu. Kwa kaka yako angalau wajukuu wanapiga kelele."

"Peke yako vipi? Mimi si nipo hapa kila siku kuanzia saa kumi?"

"Labda," alisema.

Hiyo "labda" iliniuma kuliko begi.

Kazi yangu ni kuwafuatilia zogoyogo, ndege wa nyikani wanaoishi kwa ukoo na kulea makinda kwa pamoja. Nawatambua mmoja mmoja kwa pete za rangi tulizowavisha miguuni. Sheria ya kazi ni moja: kimya. Usikanyage kijiti, na chafya ikija, imeze. Miaka kumi na moja nimeishi hivyo, na nyumbani nikaendelea vivyo hivyo. Navua viatu mlangoni, napika bila kugonga sufuria, nachungulia chumbani kwa mama, nikimwona katulia naondoka zangu nisimsumbue. Nilijiona binti wa mfano.

Ijumaa nilikuwa na kundi la ndege saba. Sita walikuwa chini wakifukua mchanga, vichwa vimezama, wakitafuta wadudu. Wa saba, tunayemwita Pete Nyekundu, alikuwa juu ya mgunga akilinda wenzake dhidi ya mwewe. Mlinzi wao hakai bubu. Huimba taratibu, tena na tena, na walio chini wakimsikia hula kwa raha zao. Jambo hilo nimeliandika daftarini mara zisizo na idadi.

Ghafla Pete Nyekundu akanyamaza. Mwewe hakuwepo; yeye alikuwa anajikuna bawa tu. Lakini wale sita waliacha kula wote, wakainua shingo, wakaganda.

Nikakaa chini palepale mchangani. Mama haoni, na mimi miaka minne nimemlinda bila kutoa sauti. Niliona aibu, nikalia.

Jioni niliusukuma mlango kwa kishindo. "Hodi, mama! Nimerudi!" Nikavaa ndala zile za kupiga kelele, nikagonga masufuria, nikaimba. Tusidanganyane, sauti yangu ni ya bawaba isiyotiwa mafuta. Niliimba nikimenya viazi, nikaimba nikifagia.

"Nani kakufundisha kuimba?" mama aliuliza kutoka chumbani. "Mrudishie elimu yake!"

"Nikinyamaza utajuaje kama nipo?"

"Basi imba," akasema. "Ila ile ya mwanzo iruke."

Nikaimba mpaka alipolala, na alfajiri nikaanza tena.

Jumamosi kaka alifika mchana, akaliinua begi.

"Liweke chini," mama alimwambia. "Kunywa chai, kisha uwasalimie wajukuu zangu."

Kaka alinitazama. Nilitaka kumweleza, lakini koo lilikuwa limekauka kwa kuimba, sauti haikutoka. Nilijibwaga kwenye kiti. Mama alipapasa ukuta taratibu mpaka akanifikia, akaketi kando yangu.

"Umechoka. Lala, mwanangu. Sasa zamu yangu."

Akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Nililala usingizi mzito, na nilipoamka jioni alikuwa bado anaimba.